Starday: Kampuni Ndogo Iliyoishi kwa Makombo ya Wakubwa

Kama ulilelewa katika nyumba iliyokuwa na redio, bila shaka unaijua sauti ya Jim Reeves hata kama hujawahi kuiona picha yake. Jumapili asubuhi, mama akiwa jikoni na baba akipiga viatu rangi tayari kwa kanisa, sauti hiyo nzito na ya upole ilisikika kutoka mlango hadi mlango. Baada yake walikuja Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams, na hadi leo wapo watu wazima hapa Nairobi wanaozijua nyimbo hizo neno kwa neno.

Muziki huu wa kantri, yaani muziki wa mashambani wa Marekani ya kusini, si mgeni wa juzi kwetu. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alipokuwa akizunguka na mitambo yake kurekodi nyimbo za Wakipsigis katika Bonde la Ufa, wasichana walimwimbia wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo, ukilisikiliza vizuri, ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huko, zikasikilizwa, na mwenyewe akageuzwa kuwa kiumbe wa nyimbo za kienyeji.

Lakini santuri haiji yenyewe. Kuna mtu aliyeirekodi, aliyeifyatua kiwandani, na aliyebeba hasara ilipokosa kununuliwa. Waimbaji tunawajua kwa majina, na kampuni kubwa kama RCA Victor, Decca na Columbia tumeziona kwenye vibandiko vya santuri. Wale wadogo ndio tusiowajua. Jim Reeves mwenyewe hakuanzia RCA. Kibao chake cha kwanza kilichoshika namba moja, "Mexican Joe" cha mwaka 1953, kilitolewa na kampuni ndogo iliyoitwa Abbott. Alipoonekana kwamba ni mali, RCA ikamchukua mwaka 1955. Mdogo huotesha, mkubwa huvuna.

Leo nataka nikueleze habari za kampuni moja ndogo iliyopitia hayo hayo mara nyingi, lakini ikapata namna ya kula hata pale mavuno yalipokwenda kwa wengine. Iliitwa Starday.

Starday ilianzishwa mwaka 1952 mjini Beaumont, Texas, mji wa mafuta ulio karibu na mpaka wa Louisiana. Waanzilishi walikuwa wawili. Jack Starnes alikuwa meneja wa wanamuziki, na aliwahi kumsimamia mwimbaji maarufu Lefty Frizzell. Mwenzake, Harold Daily, ambaye kila mtu alimwita Pappy, alikuwa mfanyabiashara wa Houston aliyeuza santuri na kumiliki zile mashine za baa ambazo mlevi hutumbukiza sarafu, akabonyeza kitufe, na wimbo aupendao ukapigwa. Waliunganisha Starnes na Daily wakapata Starday. Hapakuwa na maana nyingine ya ndani katika jina hilo.

Usidharau kazi ya Daily ya mashine za sarafu. Mwenye mashine akienda kukusanya fedha zake huiona santuri iliyochakaa kwa kupigwa na ile iliyobaki mpya kama ilivyotoka dukani. Hahitaji kuambiwa na mtu wa gazeti ni wimbo gani watu wanaupenda.

Mwaka uliofuata walipata bahati yao ya kwanza. Mwalimu wa shule aitwaye Arlie Duff aliwaletea wimbo wake "Y'all Come", wimbo mchangamfu wa kuwakaribisha watu nyumbani. Uliingia katika orodha ya nyimbo kumi bora za kantri. Kisha likatokea jambo ambalo kwa mtu asiyejua biashara hii lingeonekana msiba: Bing Crosby, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa Marekani wakati huo, akaurekodi wimbo huo huo katika kampuni ya Decca. Kampuni ndogo ya Beaumont ingeshindana vipi na Bing Crosby?

Hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu, na kwa maoni yangu ndiye mtu mwenyewe wa hadithi hii. Don Pierce alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika kampuni nyingine ndogo ya California, 4 Star, na mwaka 1953 alijiunga na Starday kama mshirika. Hakuwa mwimbaji wala mpiga gitaa. Alichojua ni senti mbili.

Hebu nikueleze senti hizo, maana bila kuzielewa hutaelewa lolote katika muziki. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilisema kila wimbo unaofyatuliwa kwenye santuri ulipiwe senti mbili na kampuni inayoufyatua, na kiwango hicho kilidumu mpaka mwisho wa mwaka 1977. Senti hizo haziendi kwa mwimbaji. Zinakwenda kwa mwenye wimbo, na kwa desturi ziligawanywa nusu kwa mtunzi na nusu kwa mchapishaji, yaani kampuni inayoshika hakimiliki. Redio nazo zililipia nyimbo zilizopigwa hewani. Sasa fikiria: santuri ikiuzwa nakala laki moja, wimbo mmoja unaingiza dola 2,000, haidhuru umeimbwa na nani. Starday ilikuwa na tawi lake la kuchapisha nyimbo, Starrite, lililoshika nyimbo za wasanii wake. Kwa hiyo Bing Crosby alipourekodi "Y'all Come", alikuwa pia akiifanyia kazi kampuni ndogo ya Beaumont.

Tangu hapo Starday ilikuwa na biashara mbili ndani ya duka moja. Iliuza santuri kwa jasho, na ilikusanya nyimbo kimyakimya.

Mapema mwaka 1954 aliingia kijana wa miaka 22 aliyekuwa ametoka jeshini muda mfupi uliopita, George Jones, mzaliwa wa upande huo huo wa Texas. Studio ilikuwa nyumbani kwa Starnes. Kuta zilipigiliwa trei za mayai ili sauti isirudi mwangwi, na lori likipita barabarani walilazimika kuacha na kuanza upya. Wimbo wake wa kwanza uliitwa "No Money in This Deal", yaani hakuna pesa katika mpango huu, na kweli hazikuwapo. Inasimuliwa kwamba kijana huyo alikuwa akiiga tu: wimbo huu sauti ya Roy Acuff, ule sauti ya Hank Williams, mwingine Lefty Frizzell. Pappy Daily akamsikiliza, kisha akamuuliza kama anaweza kuimba kama George Jones.

Aliweza. Mwaka 1955 walikwenda kurekodi "Why Baby Why" katika studio ya Gold Star mjini Houston. Wimbo ulihitaji sauti mbili, na mwenzake Sonny Burns, aliyetarajiwa kuimba naye, hakutokea. Fundi wa studio, Bill Quinn, akapata njia: Jones aliimba sauti ya kwanza, kisha ikachezwa huku yeye mwenyewe akiimba ya pili juu yake. Leo kijana yeyote mwenye kompyuta hufanya hivyo chumbani kwake, lakini kwa studio ndogo ya wakati huo ulikuwa ujanja mkubwa. Kibao kilipanda hadi namba nne.

Na wakubwa walikuwa macho. Red Sovine na Webb Pierce waliurekodi "Why Baby Why" katika kampuni ya Decca, na mwanzoni mwa 1956 toleo lao likashika namba moja. Kwa George Jones lilikuwa pigo, maana wengine ndio waliofika kileleni kwa ngazi yake. Kwa Starrite, namba nne na namba moja zote zililipa. Jina la Red Sovine lishike kidogo, tutakutana naye tena.

Mwaka huo huo Elvis Presley alilipuka, vijana wakakimbilia roki, na kantri ikaanza kukosa wanunuzi. Starday ilijaribu kufuata mkondo. Ilimtia George Jones studio kuimba roki kwa jina la bandia, Thumper Jones, ili wapenzi wake wa kantri wasimtambue. Jones hakuzipenda santuri hizo maisha yake yote. Nimezisikiliza, na siwezi kumlaumu sana.

Kulikuwa pia na biashara nyingine ambayo kampuni kubwa zisingejishusha kuifanya. Kama ulikuwa mwimbaji wa kijijini usiyejulikana, ungeweza kuipelekea Starday utepe wako kwa posta pamoja na ada, nao wakakufyatulia santuri mia kadhaa zenye kibandiko cha Starday. Unachukua mzigo wako, unampelekea mtangazaji wa redio ya mji wenu, na nyingine unaziuza mwenyewe ukitumbuiza. Kwa mamia ya waimbaji hiyo ndiyo nafasi pekee waliyopata ya kuisikia sauti yao kwenye santuri. Lakini hakimiliki ya wimbo ilikwenda kwa kampuni. Mwimbaji alilipa, akabeba, akauza, na kama kwa bahati wimbo wake ungependwa na mtu mkubwa, nusu ya zile senti mbili ilikuwa tayari ina mwenyewe.

Je, huo ulikuwa wizi? Sidhani, maana waliyaona masharti. Lakini wengi hawakujua wanachotia sahihi. Yeyote aliyepata kusikia wanamuziki wetu wakizungumza juu ya maduka ya santuri ya River Road katika miaka ya 1970, jinsi wimbo ulivyouzwa mara moja kwa fedha za mkononi na mtunzi akaishia kuusikia kwenye matatu, ataona habari hizi si za mbali. Hata walioendelea mbele waliangukia humo. Willie Nelson, kabla hajawa Willie Nelson, aliuza wimbo wake "Family Bible" kwa dola 50. Mwaka 1960 Claude Gray aliuimba katika kampuni ya D, aliyoianzisha Pappy Daily baadaye, ukaingia kumi bora, na jina la Nelson halikuwapo kwenye kibandiko.

Jack Starnes alikuwa ameshajitoa mwaka 1955. Januari 1957, Daily na Pierce walipewa kazi ya kuendesha kitengo cha kantri cha Mercury, kampuni kubwa ya Chicago, na santuri zikaanza kutoka kwa jina la Mercury-Starday. Ndoa hiyo haikufikisha hata miaka miwili. Ilipovunjika mwaka 1958 washirika wenyewe nao waliachana. Daily aliondoka na George Jones, ambaye mwaka uliofuata alipata namba moja yake ya kwanza, "White Lightning", katika kampuni ya Mercury. Nyimbo zilizokusanywa waligawana. Pierce alibaki na jina la Starday, bila nyota hata mmoja.

Mtu mwingine angefunga duka. Pierce alihamia Madison, kiunga cha Nashville, na mwaka 1960 akafungua studio yake huko. Ili uelewe alichofanya, ni lazima ujue wakati huo wakubwa wa Nashville walikuwa wakifanya nini. Chet Atkins wa RCA na Owen Bradley wa Decca walikuwa wakiisafisha kantri ili iuzike mijini: fidla na banjo nje, vinanda laini na kwaya ndani. Ndiyo ile sauti ya Jim Reeves tuliyoizoea. Ilikuwa nzuri na iliuza. Lakini iliwaacha njiani watu wengi: wazee waliotaka fidla yao, watu wa milimani waliopenda blugrasi, ule muziki wa banjo na gitaa zisizo na umeme, na waimbaji waliokuwa nyota miaka ya 1940 ambao sasa simu zao hazikupokelewa na mtu.

Pierce aliwachukua wote. Aliwarekodi ndugu wawili wa blugrasi, Stanley Brothers. Aliwapa kazi wakongwe kama Moon Mullican na Johnny Bond. Alitoa albamu nyingi zenye majina marefu na majalada ya rangi kali, hata mtu akipita mbali dukani azione, na nyingine alizituma kwa posta kwa watu wa vijijini ambao duka la santuri lilikuwa mbali nao. Mwimbaji aliyechujwa na kampuni kubwa hakudai fedha nyingi, na wapenzi wake wa zamani hawakuwa wamekufa. Hesabu ilikuwa hiyo tu.

Mmoja wa waliookotwa hivyo alikuwa Lloyd Copas, aliyejulikana kama Cowboy Copas. Alivuma sana baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha akasahaulika. Mwaka 1960 Starday ilimrekodi wimbo mwepesi, "Alabam", huku gitaa lake la kawaida likisikika mbele kabisa, hakuna vinanda wala kwaya. Ulikaa namba moja wiki 12. Mtu mwenye umri wa miaka 47, aliyehesabiwa kuwa amekwisha, akawa juu ya nyota wote wa Nashville, na kampuni iliyofanya hivyo haikuwa na jengo refu wala katibu wa mlangoni mwenye miwani. Copas hakuifurahia bahati hiyo muda mrefu. Machi 5, 1963 alikufa katika ajali ya ndege karibu na Camden, Tennessee, pamoja na Patsy Cline na Hawkshaw Hawkins. Rubani, Randy Hughes, alikuwa mkwewe.

Kundi jingine ambalo Pierce aliligundua ni madereva wa malori. Marekani ilikuwa ikijenga barabara kuu za kuunganisha majimbo, na maelfu ya wanaume walikuwa wakilala ndani ya matrela. Walikuwa na redio, walikuwa na upweke, na walisimama kwenye vituo vya mafuta ambako santuri ziliweza kuuzwa kando ya kahawa. Mtu wa pwani au wa Mlolongo aliyewaona madereva wetu wa masafa marefu wakisubiri zamu yao ya mizani hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1964 Willis Brothers waliimba "Give Me 40 Acres", kisa cha kuchekesha cha dereva aliyepotea na kukosa mahali pa kuligeuzia lori lake.

Na sasa turudi kwa Red Sovine, yule yule aliyekwea ngazi ya George Jones mwaka 1956. Gurudumu lilikuwa limezunguka, Decca haikuwa naye tena, naye akajikuta Starday. Mwaka 1965 alirekodi "Giddyup Go", aliyoitunga pamoja na Tommy Hill wa studio hiyo. Haimbi humo, anasimulia tu: dereva aliyeachwa na mke na mtoto mdogo anakuja kukutana na kijana dereva mwenzake, na kumbe ni mwanawe. Mapema 1966 ilishika namba moja. Wajuzi wa muziki waliicheka kwa kuwa ni ya machozi mengi mno. Madereva hawakucheka.

Kufikia 1968 Pierce alikuwa ameona ya kutosha. Mwaka huo alikufa Syd Nathan, mwenye kampuni ya King ya Cincinnati, nayo King ikaunganishwa na Starday na zote mbili zikauzwa kwa Lin Broadcasting. Pierce aliingia katika biashara ya ardhi na majumba, akaishi mpaka mwaka 2005. Muungano huo ulileta jambo moja la ajabu ambalo vijana wa disko watalipenda: King ilikuwa na James Brown, na Aprili 1970 alirekodi "Sex Machine" mjini Nashville, katika studio hiyo hiyo ya Starday iliyojengwa kwa ajili ya fidla na banjo. Mwaka 1971 kampuni iliuzwa tena, na James Brown akaenda Polydor. Mwaka 1975 mabaki yote, santuri na kanda za zamani, yakanunuliwa na kampuni ya Gusto.

Hata hapo jina halikufa mara moja. Mwaka 1976 Red Sovine alitoa "Teddy Bear" kwa kibandiko cha Starday, kisa cha mtoto mlemavu aliyefiwa na baba yake dereva, ambaye huzungumza na madereva kwa simu ya upepo akitamani kupandishwa lori mara moja tu. Ilishika namba moja. Sovine alikufa Aprili 1980, akiwa anaendesha gari mjini Nashville. Moyo ulisimama akiwa kwenye usukani.

George Jones alifariki mwaka 2013, akiwa amehesabiwa na wengi kuwa mwimbaji bora kuliko wote wa kantri. Zile santuri za waimbaji wasiojulikana, walizofyatuliwa kwa ada yao wenyewe, sasa zinatafutwa na wakusanyaji, na baadhi za mtindo wa roki huuzwa kwa bei ambayo wenyewe hawakuipata maishani. Na "Why Baby Why", uliorekodiwa Houston siku ile mwenzake alipokosa kufika, ulirudi namba moja mwaka 1983, ukiimbwa na Charley Pride, mwana wa wakulima Weusi wa Mississippi. Toleo la Jones mwenyewe halikupita namba nne.